Sentensi Tano za Mlinzi wa Lango

Mimi ni mtu wa kuchosha. Sisemi hivyo ili nibembelezwe. Mume wangu analijua hilo, mfamasia ninayefanya kazi chini yake analijua, na liko kundi zima la watu ambao hatujawahi kuonana nao uso kwa uso wanaoweza kulitolea ushahidi wa maandishi, tena maandishi yenyewe ni yangu.

Kazini hakuna anayenishuku. Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa lenye dirisha la kioo, na kwenye kioo hicho kuna tundu la ukubwa wa kisosi ambalo wateja huliinamia kusema shida zao. Huwa nawajibu kwa kifupi. Nahesabu vidonge kwenye sinia, nasukuma vitano vitano kwa kijiti, natia kwenye bahasha ndogo, naandika maelezo juu yake, basi. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na sita. Nadhani maneno yote niliyokuwa siyatumii pale dirishani yalikuwa yanajikusanya mahali fulani yakisubiri siku yao, na siku yao ilifika nilipojiunga na Mji.

Mji ni mchezo. Ni rahisi kuueleza na ni vigumu kuutetea mbele ya mawifi zako. Tuko watu kumi na wawili kwenye kundi la simu, kila mmoja ana mhusika wake katika mji wa kubuni wenye ukuta mrefu na lango moja. Mmoja anaandika mhusika wake kafanya nini, mwingine anajibu kwa mhusika wake, na hadithi inasonga mbele hivyo hivyo, bila mshindi na bila zawadi. Mji hauna jina kwa sababu tulibishania jina wiki tatu, watu wawili wakanuniana, tukaona bora tuuache ulivyo. Mhusika wangu ni Hakimu. Nilimchagua mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo, na unaweza kujua mengi kuhusu mtu kwa mhusika aliyejichagulia.

Kundi lina vyumba viwili. Cha kwanza tunakiita Jukwaani, na humo kila kinachoandikwa ni cha hadithi. Akilia mtu humo, amelia mhusika. Cha pili ni Nyuma ya Pazia, ambako tunaongea kama watu wa kawaida: fulani anaumwa, fulani hatakuwepo wiki hii, fulani aache kuua farasi wa wenzake. Sheria ya kutochanganya vyumba niliiandika mimi. Niliandika pia sheria ya kutopigiana simu na ya kutotumiana picha, ili kulinda ladha ya mchezo. Nilikuwa mlezi wa kundi, na mlezi asipoandika sheria ataonekana hana kazi.

Shida ya mchezo wa namna hii ni kwamba kila mtu anaucheza alivyoumbwa. Mimi nacheza kwa aya. Siku moja Hakimu alitoka nyumbani kwake kwenda mahakamani, safari ya hatua mia mbili, nikaiandika kwa aya tisa, na nne kati ya hizo zilikuwa za ukungu. Nilikuwa na sababu zangu. Yupo mwalimu wa hesabu tunayemwita Bwana Dadu, ambaye kwake hakuna jambo linaloweza kutokea mpaka arushe dadu yake ya pande ishirini. Ukiandika kwamba umefungua mlango, anarusha aone kama mlango umekubali. Kuna siku Hakimu alikunywa maji katikati ya hukumu nzito, hukumu niliyoifikiria wiki nzima. Bwana Dadu akarusha, ikatoka mbili, akatangaza kwamba Hakimu amepaliwa. Mji mzima ukavunjika mbavu, nami nikanuna siku tatu. Yupo pia muuza vitambaa tunayemwita Mama Mahaba. Mhusika wake huuza manukato na humpenda kila mwanamume anayekanyaga sokoni, akiwemo mfungwa niliyekuwa nimemhukumu kunyongwa, ambaye ilibidi nimsamehe kwa sababu walikuwa wameshachumbiana.

Hao niliwavumilia, kwa kuwa angalau waliandika. Aliyeninyima raha alikuwa Mlinzi wa Lango.

Mlinzi wa Lango aliandika mstari mmoja. Si aya moja, mstari mmoja, na mara nyingine haukufika hata ukingo wa kioo cha simu. Nikupe mfano. Nilitumia saa yangu ya chakula cha mchana, nimeketi juu ya kreti lililogeuzwa kule stoo kati ya maboksi ya chupa za dripu, nikimwandika mgeni wa ajabu anayefika langoni siku ya mvua, mwenye kovu shavuni, barua yenye lakiri na mbwa wa jicho moja. Aya kumi na mbili. Nikatuma, roho juu, nikisubiri Mlinzi aulize habari za lile kovu. Ilipita robo saa nzima. Kisha akajibu: "Pita."

Robo saa kwa neno moja! Mgeni wangu na kovu lake wakapita. Mbwa sijui hata kama alionekana.

Miaka miwili alicheza hivyo. "Lango limefungwa." "Nimeona vumbi." "Hapana, rudi kesho." Nilishamchora kichwani: kijana wa miaka kumi na tisa, mvivu, amelala chali kwenye kochi, anaandika kwa kidole gumba huku mkono wa pili umezama kwenye pakiti ya biskuti. Nilimchukia kijana huyo kwa moyo wangu wote. Mama Mahaba aliwahi kuniambia Nyuma ya Pazia, "Muache bwana, kila mtu na mtindo wake. Mbona lango lenyewe hajawahi kuliacha wazi hata siku moja?" Nikamjibu kwa aya sita kuhusu heshima ya sanaa.

Mwishowe nikaandika Sheria ya Kumi na Nne: kila andiko la Jukwaani lisipungue sentensi tano. Sikumtaja mtu, wala hakukuwa na haja ya kumtaja. Tukapiga kura, sheria ikapita kwa kura saba dhidi ya sita. Msomaji aliyekuwa makini na hesabu ameshaona kasoro, basi na nikiri kabisa: nilikuwa na mhusika wa pili, Karani wa Hakimu, niliyemwingiza kwa laini yangu nyingine bila kumwambia mtu. Karani alikuwa mtu mwenye msimamo. Alipiga kura.

Mlinzi wa Lango hakubisha. Nyuma ya Pazia aliandika, "Sawa, Hakimu." Wiki iliyofuata akaanza kujitahidi, na juhudi zenyewe zilitia huruma. "Nimeona mtu. Ana gunia. Gunia ni kubwa. Nimemuuliza kuna nini. Amesema viazi." Nilihesabu, zikawa tano. Nikajisemea moyoni, taratibu tutafika.

Kisha Jumatatu moja, saa saba kasoro mchana, akaandika hivi Jukwaani:

"Mama hayupo tena. Ameondoka leo asubuhi. Kitanda chake kimeshatandikwa. Viatu vyake viko mlangoni. Sijui nifanye nini sasa."

Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiyasoma maneno hayo mahali pengine popote, angeshika kichwa. Mimi nilihesabu sentensi.

Zilikuwa tano. Tena hazikuwa tano za viazi, zilikuwa tano nzuri, na ile ya viatu ilinisisimua mwili. Nilimwacha mteja ameinama pale tunduni nikampa Mlinzi nyota. Nyota ni kitu nilichokianzisha mwenyewe kwa ajili ya maandiko bora, na hadi siku hiyo karibu zote nilikuwa nimewapa watu wanaoandika kama mimi. Halafu nikaenda Nyuma ya Pazia, mbele ya wote, nikaandika: "Hongera sana, Mlinzi! Mnaona sasa? Hiyo ya viatu ni kazi ya fundi. Mama kaenda wapi bila viatu? Endelea hivyo hivyo!" Na nikaweka kipicha cha makofi, nacho si kimoja, vitatu.

Mchana huo Mji ukachangamka kuliko siku zote. Bwana Dadu akarusha kutafuta nyayo vumbini, akapata kumi na moja, yaani nyayo zipo ila hazieleweki. Muuza manukato wa Mama Mahaba akazunguka soko lote akiwahoji wanaume, kama kawaida yake. Nami, juu ya kreti langu, nikaandika aya kumi na nne ambazo hadi leo nikizikumbuka natamani ardhi inimeze. Hakimu aliamuru mji upekuliwe chumba kwa chumba. Hakimu akafungua jalada jipya. Na Hakimu akamwita Mlinzi wa Lango kwa mahojiano, maana mji una lango moja tu na anayelilinda ni yeye. Swali la kwanza nililiweka mwisho kabisa, peke yake, ili ligonge: "Wewe ndiye mlinzi. Ulikuwa wapi mama yako alipokuwa anaondoka?"

Nililifurahia swali hilo jioni nzima. Nilimsomea hadi mume wangu, akasema ni zuri, huku akitazama taarifa ya habari.

Jumanne Mlinzi hakujibu. Nikamkumbusha kwa upole wa kilezi: "Mlinzi, Hakimu anasubiri." Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nahesabu vidonge vya mzee mmoja wa presha, simu ikatetemeka pembeni ya sinia. Alikuwa ni Mlinzi, safari hii Nyuma ya Pazia, kwa mstari wake mmoja wa zamani:

"Samahani, nitachelewa kumjibu Hakimu, tunazika saa nane."

Nilisoma, nikarudia. Vidonge vikanipotea, nikaanza upya, vikanipotea tena. Yule mzee akauliza kwa sauti ya upole, "Vipi binti yangu, leo hesabu imegoma?" Nikamwambia imegoma. Nilikuwa nimeshikilia kijiti hewani, na aibu niliyoisikia ilinipanda kutoka miguuni hadi masikioni.

Pole zikaanza kumiminika Nyuma ya Pazia. Bwana Dadu, mtu asiyejua kunyamaza, aliandika "Pole sana ndugu yetu" na hakuongeza neno. Mama Mahaba akanitumia ujumbe pembeni: "Hakimu, ile nyota. Itoe." Nikakimbilia kuitoa, na simu ikawatangazia watu wote, katikati ya salamu za rambirambi, kwamba mlezi ameondoa nyota ya Mlinzi wa Lango.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye ni fundi wa friji, na wakati huo alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, mkono umezama hadi begani nyuma ya friji letu wenyewe, ambalo ni la mwisho kutengenezwa siku zote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kujitoa huko.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mtu kafiwa na mama yake."

"Ndiyo."

"Wewe ukampa nyota."

"Nilidhani ni hadithi."

"Halafu ukamuuliza alikuwa wapi."

"Hakimu ndiye aliyeuliza."

Akatoa kichwa, vumbi limemjaa kwenye nyusi. "Hakimu ndiye nani, mama watoto? Mimi humu jikoni namwona mke wangu tu. Mpigie simu huyo mtu."

"Tuna sheria, hatupigiani simu."

"Kaiandika nani?"

Nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria.

Nilijaribu kwanza kumwandikia. Siku mbili nilitunga barua ya kuomba radhi, ikafika aya kumi na saba, na nilipoisoma nikaona kumi na tano zinanihusu mimi: jinsi nilivyoumia, jinsi nilivyokosa hamu ya chakula, jinsi ambavyo kwa kweli mimi si mtu wa namna hiyo. Ukungu nao ulikuwa umejipenyeza. Nikaifuta yote. Nikajaribu fupi, "Pole na samahani," nikaiona kama ninamwambia apite. Wakati huo Mlinzi alikuwa kimya, siku ya tatu, ya nne, ya tano, na nikaanza kuogopa jambo ambalo kwa miaka miwili nilikuwa naliombea: kwamba hatarudi. Mtu alikuwa ametuletea msiba wake, nami nikausahihisha kama daftari la mwanafunzi. Akiondoka sasa, ataondoka akijua kwamba siku aliyolia mbele yetu tulimhesabia sentensi. Sikuweza kuvumilia aende na hilo.

Jumatatu, saa ya chakula, nikaketi juu ya kreti, nikapiga moyo konde na kupiga simu.

"Haloo?"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, ya mwanamume wa miaka sitini hivi. Yule kijana wangu wa kwenye kochi akatoweka papo hapo na biskuti zake.

"Ni mimi," nikasema. "Hakimu."

"Ah! Hakimu mwenyewe! Karibu, karibu sana."

Hapo nikagundua kwamba sina neno hata moja. Mimi, mwenye aya nne za ukungu. Nilifungua kinywa ikatoka, "Pole." Nikakusanya nguvu, nikajaribu tena, ikatoka, "Pole sana, kaka." Nikabaki natazama maboksi ya dripu.

Na yeye, bwana mstari mmoja, akaanza kuongea. Aliongea dakika arobaini. Aliniambia kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, na amefanya hivyo tangu ujana wake. "Ubao una futi sita, Hakimu," akasema. "Neno likizidi, linaangukia barabarani. Nimeshazoea hivyo, nisamehe." Akaniambia kwamba mama yake macho yalikuwa yameshakwisha, na kila mchana yeye alikuwa anashuka kwenye ngazi, anarudi nyumbani kumpa chakula na dawa, halafu anamsomea Mji kwa sauti.

"Alikuwa anatusikiliza?" nikauliza.

"Wote. Bwana Dadu alikuwa anamchekesha sana. Siku ile uliyopaliwa na maji alicheka mpaka nikamshika mgongo. Na zile zako za ukungu alizipenda mno. Zilikuwa zinampa usingizi kuliko vidonge."

Nimetoa vidonge vya usingizi miaka kumi na sita. Sijawahi kusifiwa hivyo.

"Na yule mgeni wangu?" nikauliza. "Mwenye kovu. Nilikuandikia aya kumi na mbili, ukanijibu pita."

"Mama huyo. Nilikuwa nasoma, sijafika hata kwenye mbwa, akaniambia, mwache apite mwanangu, analoa."

Nikaweka mkono mdomoni. Miaka miwili nilikuwa nimegombana na mwanamke mzee, kipofu, aliyekuwa anawahurumia wageni wangu kuliko nilivyowahurumia mimi niliyewatunga.

Nikajikaza nikamuuliza lile lililonileta. "Kaka, siku ile ulikosea chumba, sivyo? Ulitaka kuandika Nyuma ya Pazia."

"Sikukosea," akasema. "Nyuma ya Pazia mngeniambia pole. Pole nilikuwa nazo nyumba nzima, watu wamejaa hadi uani. Nilitaka niiseme mahali ambapo bado kuna la kufanya."

"Na mimi nikakuuliza ulikuwa wapi."

Nilisikia gari likipita upande wake.

"Lilikuwa swali la haki," akasema. "Hakuna mwingine aliyeniuliza. Wote wanasema hukuweza kufanya kitu, usijilaumu. Nilikuwa juu ya ngazi, Hakimu. Nachora jozi ya viatu kwenye bango la duka. Nimemaliza cha kushoto, simu ikalia. Cha kulia bado sijakichora."

Baadaye akasafisha koo.

"Haya, niambie. Mmefika wapi na kumtafuta?"

"Tumeacha, kaka. Tuliposikia tuliacha palepale."

"Kwa nini mmeacha?"

Nikabandua kipande cha gundi kwenye boksi la dripu.

"Mtafuteni," akasema. "Bwana Dadu arushe, na yule wa manukato aulize sokoni. Na wewe uandike ndefu kama kawaida yako, usinionee haya. Ila nawaomba kitu kimoja."

"Sema tu."

"Msimpate haraka."

Mfamasia aligonga mlango wa stoo akiuliza kama nimehamia huko, maana foleni imefika nje. Nilitoka macho yamevimba, nikasingizia vumbi la maboksi.

Siku hiyo niliwaeleza wote Nyuma ya Pazia. Sheria ya Kumi na Nne nikaifuta, ya kutopigiana simu nikaifuta, na nikiwa nimeshaanza kujivua, nikaungama habari za Karani. Nilitegemea kelele. Mama Mahaba akaandika, "Tulijua siku ya kwanza. Karani gani anasalimia kwa aya tisa?"

Tukaanza kumtafuta mama. Bwana Dadu, mtu asiyeweza kuona jambo likikaa siku mbili bila kumalizika, alirusha dadu kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, na kila asubuhi ilitoka ndogo: tatu, moja, nne, mbili. Wiki nzima, ya pili, ya tatu. Mwalimu mzima wa hesabu alitutangazia matokeo hayo bila kupepesa, na hakuna aliyemwomba picha ya dadu. Muuza manukato aliacha kupenda watu, akahamia nyumbani kwa Mlinzi, akawa anachemsha maji ya kuoga kila siku ili mama akirudi ayakute ya moto. Mimi nilitafuta kwa aya. Nilipita uchochoro mmoja kwa siku tatu. Nilizunguka kisima. Ukungu ulirudi, nikauacha ukae unavyotaka, na hakuna aliyelalamika.

Mlinzi wa Lango naye alirudi Jukwaani, kwa mstari wake. "Hakupenda kelele, msipige kengele." "Tazameni penye kivuli." "Hapo kwenye duka la karatasi aliwahi kuninunulia brashi yangu ya kwanza." Kila mstari wake nilikuwa nauchukua nikaujengea: kivuli kikawa na ukuta, ukuta ukawa na benchi, juu ya benchi nikaacha alama ya mtu aliyeketi akaondoka. Sikuwahi kuandika vizuri hivyo maishani mwangu, na kwa mara ya kwanza sikujali kama ni vizuri. Nilikuwa nangojea mstari wa Mlinzi ili nijue kitu kingine kimoja juu ya mama yake. Nilijua alikuwa anaimba akifua. Nilijua alipokasirika alikunja leso mara nne. Nilianza kumpenda, nakuambia ukweli, na nikaanza kuiogopa siku tutakayompata.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya saba, mchana, dirishani. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameinamia tundu la kioo akisubiri dawa ya kikohozi, nami nilikuwa naandika maelezo juu ya bahasha, simu ikatetemeka. Jukwaani, Mlinzi wa Lango alikuwa ameandika:

"Mama amepatikana, fungueni lango."

Machozi yakanitoka palepale, sikuwahi hata kugeuka. Yule mwanamke akaniangalia, akaangalia chupa, akaniangalia tena.

"Vipi dada? Dawa ya mtoto ina tatizo?"

"Hapana, dawa iko sawa kabisa. Kuna mtu alikuwa amepotea, sasa hivi nimeambiwa amepatikana."

"Nani huyo?"

"Mama wa rafiki yangu."

"Mungu mkubwa! Alipotea siku nyingi?"

"Wiki saba."

Akaweka mkono kifuani. Alifurahi kweli, huyo mwanamke asiyenijua wala asiyemjua mama mwenyewe, akamgeuza mtoto mgongoni kama anayetaka naye asikie.

"Na ni mzima?"

Nikaitia chupa kwenye bahasha, nikaikunja mdomo, nikampitishia tunduni.

"Amefika nyumbani," nikamwambia.